Nyaya peke yake, nyaya na upasuaji, au upasuaji kwanza: kuchagua matibabu ya taya ukiwa Dar es Salaam

Mdogo wangu alikuwa hang'ati chapati kwa meno ya mbele. Aliikunja, akaisukumia pembeni mwa mdomo, akaikata kwa magego ya kulia, kisha akafunika mdomo kwa kiganja huku akitafuna. Nyumbani kwetu Tabata tulishazoea, tukadhani ni haya tu za kisichana. Siku moja, akiwa kidato cha tatu, nilimpa ncha ya uzi anikatie kwenye kifungo cha shati. Aling'ata mara tatu, na mara zote uzi uliteleza ukatoka mzima, umelowa mate. Nikamwomba afunge meno nimwangalie. Meno ya chini yalikuwa yamepita mbele ya meno ya juu, na kati yake pangepita penseli.

"Kaka, nimeshafunga," alisema. "Hapa ndipo yanapofika."

Shangazi aliposikia tunatafuta daktari alisema tumwache mtoto, lile ni taya la babu yake. Kuhusu babu alisema kweli, maana taya la chini linalotangulia mbele hurithiwa sana katika ukoo. Lakini babu huyo huyo maisha yake yote alikatiwa nyama vipande vidogo kama mtoto, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Tulipita milango mingi tukapewa majibu matatu. Mmoja alisema nyaya za meno zinatosha. Mwingine akasema nyaya kwanza, upasuaji katikati, kisha nyaya tena. Wa tatu akasema siku hizi inawezekana kuanza na upasuaji. Naandika kwa ajili ya aliyesimama pale tuliposimama sisi, mwenye majibu hayo matatu mkononi na hajui aanzie wapi. Haya hayachukui nafasi ya daktari, ila yatakusaidia kumuuliza maswali yanayostahili kabla waya wa kwanza haujagusa jino.

Jua kwanza kasoro iko wapi

Fikiria sufuria na mfuniko wake. Mfuniko ukibonyea ukingoni, unaugonga kidogo unakaa. Lakini ukiwa ni mfuniko wa sufuria nyingine, utaugonga mchana kutwa na bado utabaki na pengo upande mmoja. Meno yaliyosongamana juu ya mataya yanayolingana ni ule mfuniko uliobonyea, na nyaya zinaweza kuyapanga. Taya moja likiwa kubwa au dogo kuliko mwenzake, au limekua kuelekea upande, hapo tatizo ni mfupa.

Kwa macho huwezi kujua. Kinachoonyesha ni eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa pembeni, ambayo daktari huichorea mistari na kupima pembe kati ya fuvu, taya la juu na taya la chini. Huongezewa eksirei pana ya meno yote, picha za uso, vielelezo vya meno vya plasta au vya kompyuta, na kwa wanaofikiria upasuaji, mara nyingi picha ya CT, inayoonyesha mifupa kwa pande zote.

Kuna jambo moja ambalo sisi hatukuambiwa mapema, na lilitugharimu sana. Mifupa isipolingana, mwili hujitahidi kuficha tofauti hiyo. Kwa mtu mwenye taya la chini lililotangulia, meno ya mbele ya chini huegemea ndani kuelekea ulimi, na ya juu huinama nje kuelekea mdomo, ili angalau yakaribiane. Daktari anayetaka kumaliza kazi kwa nyaya peke yake huendeleza uegemeaji huo huo: ya chini ndani zaidi, ya juu nje zaidi. Daktari anayemwandaa mgonjwa kwa upasuaji hufanya kinyume kabisa. Huyasimamisha meno wima juu ya mfupa wake, ili taya litakaposogezwa yakutane sawasawa. Hata meno ya kung'oa hutofautiana. Kwa taya la namna hii, anayeficha kasoro kwa nyaya huenda akang'oa magego madogo ya chini, na anayeandaa upasuaji huenda akang'oa ya juu.

Kwa hiyo hizi si hatua za ngazi moja, kwamba ujaribu nyaya na zikishindwa upande kwenye upasuaji. Ni barabara zinazoelekea pande tofauti tangu siku ya kwanza. Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilimng'oa mdogo wangu magego mawili madogo ya chini na kumfunga nyaya bila kupiga ile eksirei ya pembeni. Miezi 14 baadaye meno ya chini yalikuwa yamelala kuelekea ulimi, bado yakiwa mbele ya ya juu, na ufizi wa jino moja umeanza kushuka. Daktari wa pili alitazama vielelezo vya plasta, akanyamaza kidogo, kisha akasema itabidi nafasi za yale magego yaliyong'olewa zifunguliwe upya. Tulikuwa tumelipa kwenda mbele, sasa tukalipa kurudi nyuma.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: kung'ata na sura zinabadilika kiasi gani, muda, hatari, gharama pamoja na safari, na mtu anayefaidika nayo. Safari nimeiweka makusudi. Mwenye nyaya huitwa kliniki kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo matibabu ya miaka miwili ni kati ya mahudhurio 17 na 26. Kwa anayeishi Upanga ni mwendo wa miguu. Kwa anayetoka Chanika au Bunju kila hudhurio ni siku nzima ya kazi au shule, na wakati wa masika, Jangwani ikijaa maji na barabara kufungwa, ni zaidi ya hapo.

Njia ya kwanza: nyaya peke yake

*Kung'ata na sura.* Meno yanasogezwa, mifupa inabaki ilipo. Kwa kasoro ndogo au ya kati matokeo yanaweza kuwa mazuri sana: meno yanakutana, tabasamu linajaa, na anayekutazama usoni haoni taya. Ukimtazama kwa pembeni, kidevu kiko pale pale. Kama kinachokukera ni kidevu chenyewe, au uso uliopinda kuelekea sikio moja, nyaya hazitakigusa.

*Muda.* Kwa kawaida miezi 18 hadi 30.

*Hatari.* Hakuna dawa ya usingizi wala kulazwa, na kwa wengi hilo pekee linatosha kuamua. Lakini jino lina mfupa wake wa kutembelea, na mfupa huo una ukingo. Likisukumwa kupita ukingo, ufizi hushuka na shingo ya jino hubaki wazi. Mizizi nayo inaweza kufupika. Asiyesafisha meno vizuri huvuliwa nyaya akakuta madoa meupe pembezoni mwa kila kibati, yaani kile kipande kidogo kinachobandikwa kwenye jino kushikilia waya, na hayo ni mwanzo wa kuoza.

Hapa niwakumbuke waliokulia Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya kunywa yenye floraidi nyingi huwapa watu meno ya rangi ya kahawia. Gundi ya vibati hushika kwa shida zaidi kwenye meno yaliyoathirika hivyo, na vibati huweza kubanduka mara kwa mara. Mwambie daktari ulikokulia kabla hajaanza, kwa kuwa zipo namna za kuandaa jino kabla ya kubandika.

*Gharama na safari.* Ndiyo nafuu kuliko zote, na malipo mara nyingi hugawanywa kwa awamu. Safari ni nyingi ila zimesambaa. Usisahau riteina, yaani kifaa cha kushikilia meno baada ya nyaya kutolewa. Ulizia bei yake mapema, kwa sababu asiyevaa riteina meno humrudi, hata kama alilipa mamilioni.

*Inamfaa nani.* Mwenye tofauti ndogo ya mataya, asiyesumbuliwa na sura yake ya pembeni, anayetafuna vizuri. Pia mtu ambaye afya yake hairuhusu upasuaji mkubwa, au aliyeelezwa yote kwa kina na akaamua mwenyewe kwamba hataki kukatwa mfupa. Uamuzi wa namna hiyo ni halali, usikubali mtu akusimange kwa ajili yake.

Njia ya pili: nyaya, upasuaji, kisha nyaya

Hii ndiyo njia iliyozoeleka kwa kasoro kubwa za mfupa, na ndiyo aliyopitia mdogo wangu hatimaye, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

*Kung'ata na sura.* Mfupa wenyewe unasogezwa. Taya la chini hupasuliwa kwa urefu pande zote mbili, karibu na magego ya nyuma, vipande viteleze mbele au nyuma mpaka meno yakutane. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Richard Trauner na Hugo Obwegeser. Taya la juu hukatwa mlalo juu ya mizizi ya meno, na mkato huo unaitwa kwa jina la René Le Fort, daktari wa Ufaransa aliyeeleza mwaka 1901 namna mifupa ya uso inavyovunjika. Wakati mwingine hukatwa taya moja, wakati mwingine yote mawili. Mama yetu alichoogopa kuliko vyote ni kovu usoni kwa binti yake. Mikato hii hufanywa ndani ya mdomo, na kovu la nje kwa kawaida halipo, au ni alama ndogo mno pale daktari alipolazimika kupitisha skrubu shavuni.

Zaidi ya sura kuna kula, na kwa wengine kuna usingizi. Kusogeza mataya mbele hupanua njia ya hewa nyuma ya ulimi, na ni mojawapo ya tiba za watu wanaokatikiwa pumzi usiku. Kinyume chake pia ni kweli: kurudisha taya la chini nyuma sana kunaweza kuibana njia hiyo. Kama unakoroma sana, mwambie daktari hata asipokuuliza.

*Muda.* Nyaya za maandalizi huchukua miezi 12 hadi 18, wakati mwingine hadi 24. Upasuaji unafuata, kisha nyaya za kumalizia kwa miezi 6 hadi 12. Jumla ni miaka 2 hadi 3. Na katika maandalizi hayo, sura huharibika zaidi kabla ya kutengenea. Meno yakisimamishwa wima ile tofauti iliyokuwa imefichwa hujitokeza yote. Mdogo wangu alifika mahali akawa hataki kwenda kwenye harusi za ukoo. Kama daktari asingemwonyesha mapema kwa vielelezo kwamba ndivyo itakavyokuwa, nadhani angeacha. Mzazi, mwandae mtoto kwa maneno kabla miezi hiyo haijafika.

*Hatari.* Ni upasuaji mkubwa chini ya dawa ya usingizi. Kutoka damu, maambukizi, mifupa kuchelewa kuunga, vibati vya chuma vinavyoshika mfupa uliokatwa kusumbua, na taya kurudi kidogo lilikotoka, yote yanawezekana, ingawa wengi hupona vizuri. Kasoro ya meno ya mbele yasiyogusana kabisa hurudi kwa urahisi kuliko nyingine. Sigara huchelewesha kupona.

Jambo linalowapata wengi ni ganzi. Neva inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa ule ule unaopasuliwa, na baada ya upasuaji wa taya la chini wengi huamka mdomo umekufa ganzi. Mdomo unacheka na kusema kama kawaida, ila hauhisi. Hisia hurudi taratibu kwa wiki na miezi, lakini wapo ambao sehemu fulani hairudi kamwe, zaidi waliofanyiwa wakiwa na umri mkubwa. Mdogo wangu alitembea na kioo kidogo mfukoni kwa miezi minne, kwa sababu uji ulikuwa unamchuruzika kidevuni hajui.

Katika vipimo vya awali, msiruke kipimo cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na mtu mwenye selimundu anahitaji maandalizi ya pekee kabla ya kulazwa usingizi. Huenda ndugu pia wakaombwa kuchangia damu, kwa hiyo ukoo ujulishwe mapema.

*Wiki za kwanza.* Hiki hakikuwa kigezo kwenye orodha yangu, lakini ndicho watu wasichokijua. Zamani mataya yalifungwa kwa waya wiki kadhaa. Siku hizi mifupa hushikwa na vibati vidogo vya titaniamu na skrubu, na mdomo huongozwa kwa raba ndogo zinazonasa kwenye nyaya. Mdomo hufunguka, ila kidogo sana. Kulazwa ni siku chache. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, sehemu kubwa huisha ndani ya wiki 2 au 3, na uliobaki humalizika polepole kwa miezi.

Usiku wa kwanza nyumbani nilikaa naye sebuleni, feni imewashwa. Mama alikuwa amepika mtori akausaga, akauchuja mara mbili kwa chujio la chai. Nilivuta kwenye bomba la sindano lenye mpira mwembamba mbele, nikaupitisha pembeni mwa shavu hadi nyuma ya magego, nikasukuma kidogo kidogo huku namtazama koo. Kikombe kimoja kilichukua dakika 40. Kichwani pa kitanda tulikuwa tumefunga mkasi mdogo kwa kamba, kama tulivyoelekezwa, ili akitapika tuzikate raba haraka. Hatukuuhitaji, lakini kila aliyeingia chumbani aliangalia kwanza kama upo. Aliandika kwenye daftari badala ya kusema. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Maji ya uvuguvugu, si ya baridi."

Wiki 2 za mwanzo ni vyakula vya majimaji tu: uji laini wa lishe, supu iliyochujwa, maziwa, togwa, juisi nzito ya parachichi. Kisha hadi wiki ya 6 ni vyakula laini visivyohitaji kutafuna, kama ndizi za kuponda, viazi na mayai ya kuvuruga. Mfupa huunga kiasi cha kutosha ndani ya wiki 6 hadi 8. Muhogo mkavu, miwa, mahindi ya kuchoma na mishkaki vinasubiri, na mpira wa miguu pia, hadi miezi 3 au daktari atakaporuhusu. Kupungua uzito ni kawaida. Yeye alipungua kilo 5. Kwa wanaofunga Ramadhani, panga tarehe ili wiki hizo zisiangukie ndani ya mwezi huo, maana mwili unahitaji kulishwa kila saa chache.

*Gharama na safari.* Ni kubwa, na hutoka mifuko mingi: daktari wa kupanga meno, daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, wodi, vibati vya titaniamu, picha za CT, dawa, riteina. Omba makadirio ya kila kipengele kwa maandishi, kwa sababu anayekutajia bei ya "upasuaji" huenda vibati hakuvihesabu. Kwa upande wa bima, usitosheke na jibu la mdomo. Peleka barua ya daktari inayoeleza tatizo la kutafuna, kuongea au kupumua, si la sura peke yake, na upate kibali cha maandishi kabla ya tarehe kupangwa. Dar es Salaam ina bahati moja: pale Upanga, Hospitali ya Taifa Muhimbili na Skuli ya Meno ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) ziko pamoja, na huko ndiko wataalamu wa fani hii wanakofundishwa. Ukiwa na barua ya rufaa, ni mahali pazuri pa kupata maoni ya pili hata kama utatibiwa kwingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye tofauti kubwa ya mataya, aliyemaliza kukua, mwenye meno yaliyosongamana au matao, yaani safu za meno ya juu na ya chini, yasiyolingana kwa upana, na anayeweza kuvumilia mwaka mmoja au zaidi wa sura kuharibika akijua mwisho wake.

Njia ya tatu: upasuaji kwanza, nyaya baadaye

*Kung'ata na sura.* Mikato ya mfupa ni ile ile. Kinachobadilika ni mpangilio. Nyaya huweza kubandikwa siku chache au wiki chache kabla, lakini hazivuti chochote, na meno hupangwa baada ya taya kusogezwa. Uso hubadilika mwanzoni mwa safari badala ya katikati, na ile miezi ya kuharibika haipo. Lakini ukiamka meno hayakutani vizuri. Kwa wiki au miezi kadhaa unang'atia kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili yako, na kutafuna ni kwa kubahatisha.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii ilipojipatia jina. Jumla mara nyingi ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Madaktari wa Japani walichapisha maelezo yake mwaka 2009, ikaenea Asia ya Mashariki na kwingineko. Mfupa uliokatwa hujijenga upya kwa kasi, na kwa miezi 3 hadi 4 ya mwanzo meno hutembea haraka kuliko kawaida, kwa hiyo nyaya hufanya kazi wakati mzuri.

*Hatari.* Zote za njia ya pili zipo: ganzi, damu, usingizi. Juu yake kuna kukisia. Katika njia ya pili daktari wa upasuaji huona meno yaliyosimama tayari na kuyatumia kama ramani. Hapa anasogeza taya kufuata mahali meno *yatakapokuwa*, na akikosea kwa milimita chache, nyaya ndizo zitakazobeba kosa hilo. Kwa hiyo madaktari wawili wanahitaji kupanga pamoja, kwa kompyuta au kwa plasta, tena kwa uzoefu. Mtu mwenye meno yaliyosongamana sana, au ambaye meno yake hayawezi kugusana angalau sehemu tatu imara baada ya taya kusogezwa, kwa kawaida hashauriwi njia hii.

*Gharama na safari.* Upasuaji ni ule ule, hivyo bei yake haishuki. Kinachopungua ni miezi ya nyaya na nauli. Ila fedha zote kubwa zinatakiwa mwanzoni, wakati njia ya pili inakupa mwaka mzima au zaidi wa kuweka akiba. Kwa familia yetu tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko miezi.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima ambaye meno yake yamepangika vizuri kiasi na kasoro iko kwenye mfupa, mwenye fedha au bima tayari, na mwenye madaktari wawili waliokwisha kuifanya kazi hii pamoja. Neno *pamoja* ulitilie mkazo unapouliza. Anayekatikiwa pumzi usiku naye anaweza kunufaika kwa kutosubiri.

Watoto wanaoendelea kukua

Mtoto wa miaka 9 au 12 hayumo katika njia hizi tatu. Yeye ana vifaa vya kuongoza ukuaji: vya kuvuta taya la juu mbele, vya kulitanua, au vya kuhimiza taya la chini lililobaki nyuma. Taya la juu husikia zaidi likianza kuvutwa kabla ya miaka 10 hivi, ndiyo maana mtoto anayeng'ata kinyume, meno ya chini yakiwa mbele ya ya juu, apelekwe mapema, si kusubiri meno yote yaote. Upasuaji husubiri ukuaji uishe, kwa wasichana yapata miaka 16 au 17 na kwa wavulana 18 hadi 21. Taya la chini linalotangulia ndilo la mwisho kutulia. Daktari hulinganisha eksirei mbili zilizopigwa kwa kupishana miezi kadhaa, na zikiwa hazitofautiani ndipo anaamini. Aliyekatwa mapema taya huendelea kukua, na kazi inaharibika.

Kwa hali yako

Kama hujafungwa nyaya bado, usikubali zibandikwe wala jino ling'olewe kabla ya eksirei ya kichwa ya pembeni na jibu la swali hili: "Daktari, unaficha kasoro ya mfupa au unaniandaa kwa upasuaji?" Jibu likiwa "tutaona mbele ya safari", tafuta maoni mengine.

Kama umeshafungwa na umeanza kuwa na mashaka, usiendelee kung'oa. Omba nakala za picha zako zote, ni haki yako, umpelekee daktari mwingine kabla uegemeaji haujawa mkubwa.

Kama kasoro ni ndogo na unatafuna bila shida, nyaya peke yake huenda zikakutosha, ilimradi umeangalia picha yako ya pembeni ukaridhika nayo.

Kama wewe ni mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye kasoro kubwa, kalenda ina mlango mzuri: mitihani huisha Mei na vyuo hufunguliwa mwishoni mwa mwaka. Maandalizi ya nyaya yakianza kidato cha tano, upasuaji unaweza kuangukia hapo katikati, mradi umemaliza kukua. Anayetarajia kuitwa JKT azungumze na daktari mapema, apate barua, kwa sababu kwata na mbio haviendani na miezi 3 ya kwanza.

Kama una kazi isiyokuruhusu kutoweka, hesabu wiki 2 hadi 4 za kupumzika kwa upasuaji wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Mwalimu au mtu wa huduma kwa wateja ahesabu zaidi, kwa sababu kuongea hurudi polepole.

Kama fedha hazijatimia, njia ya pili inaweza kuanza kwa nyaya huku akiba ya upasuaji ikiendelea, lakini usianze mpaka uwe na hakika ya chanzo cha fedha hizo. Kukwama katikati, meno yamesimamishwa wima na taya halijasogezwa, kunakuacha mahali pabaya kuliko ulipoanzia.

Na kama umesikia yote ukaona hutaki lolote, ukatafuna vizuri na usingizi wako ukawa salama, safisha meno na umwone daktari wa meno kila baada ya muda, inatosha. Mdogo wangu alipoulizwa mara ya mwisho kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji hakutaja sura. Alisema anataka kung'ata chapati. Wiki ya 11, daktari aliporuhusu, mama alipika chapati za maji, laini. Akaichukua nzima bila kuikunja.